Mitego Sitini ya Mtoni

Jumatatu, 3 Juni

Nimelia leo kwa sababu ya kitambaa. Mwanamke mzima, mvi kichwani, nalilia kitambaa!

Jora la mwisho la buluu limeoza. Nimelivuta asubuhi kutoka chini ya meza ya kukatia, mkono ukatoka na ukungu. Kumbe ile mvua ya mwisho ya msimu ilipita ukutani, maji yakaingia chini kwa chini, na mimi huku juu nashona na kuimba. Ukilivuta kidogo linachanika. Duka zima linanuka.

Bwana Mifugo alinikabidhi majora manne kwa mkono wake. Akasema, yaweke kwenye kichanja, si sakafuni. Nikasema ndiyo, Daktari. Matatu nikayaweka. La nne halikuenea, kichanja kimejaa nguo za wateja wasiokuja kuchukua. Kuna suruali ya bwana mmoja iko pale tangu hajanenepa. Akasema tena: na kitambaa kiwe hiki hiki, fundi, usichanganye na kingine. Hapo ndipo nilipokasirika. Nilidhani ananionya nisiibe. Nani asiyejua mafundi cherehani tunavyosemwa — ukitupatia mita tatu, kwetu zinakuwa mbili na nusu! Nikamwambia mimi si wa hivyo. Akacheka, yakaisha.

Mitego mia mbili ya mbung'o ndiyo kazi yenyewe. Mia na arobaini tayari, ameshachukua. Bado sitini. Anakuja Ijumaa.

Nimwambie? Nimwambie nini — kwamba mali ya mradi nimeilaza kwenye maji? Walikuwepo mafundi wanne walioitaka kazi hii, wanaume watupu, nikapewa mimi. Watanicheka mpaka meno yawaume.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, kama kawaida. Mbele viuno vya watu, nyuma mambo yangu.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata! Kwa muuza vitambaa wa kona. Buluu ile ile. Nilikwenda na kipande cha jora la zamani, nikakilaza juu ya kipya, nikatoka nacho mlangoni, juani. Mara tatu. Mapacha! Muuza vitambaa akaniuliza kama nanunua kitambaa au nachumbia.

Tena hiki ni bora. Kinateleza, kina mng'ao, hakikunjamani, na anasema hakipauki hata ukikianika mwaka mzima. Ile pamba ya mradi nimeiona mwenyewe ikififia dirishani kwa wiki mbili. Naudai mradi shukrani kwa kweli.

Simwambii mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Bibi amefanya kazi leo mpaka amepata moto. Bibi ni cherehani yangu. Alinunuliwa na kaka, mwaka ule nilioachwa na mume na mabegi mawili mlangoni. Kaka aliuza fahali wake mmoja, akaniletea cherehani kwenye baiskeli, akasema: shona, mdogo wangu, kulia hakuna soko. Ndiye aliyenibandika jina la Sindano, eti ulimi wangu unatoboa.

Mitego hamsini na miwili imekwisha. Buluu nje, nyeusi ndani, juu wavu mweupe uliochongoka kama kofia, na juu ya wavu inakaa chupa. Mbung'o anaiona ile buluu kwa mbali, anadhani ni ng'ombe amesimama. Anakuja, anatua kwenye nyeusi, anapanda kufuata mwanga, huyoo chupani. Bwana Mifugo ndiye aliyenieleza. Mdudu mjinga kiasi hicho! Na mjinga huyo ndiye aliyewamaliza ng'ombe wa baba yetu, ishirini, kiangazi kimoja. Nagana. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka baba alivyokuwa anakaa zizini peke yake, zizi tupu, kama mtu anayesubiri wageni.

Ijumaa, 7 Juni

Bwana Mifugo kachukua. Kahesabu, kavuta mishono kwa nguvu, kasema kazi safi, fundi. Hakuona kitu. Na angeona nini? Buluu ni buluu.

Ile mia na arobaini ya mwanzo iko upande wa msituni. Hii sitini anaipeleka mtoni. Mto umefungwa kwa ng'ombe miaka miwili sasa, kwa ajili ya mbung'o. Mwaka jana walifyeka vichaka kingo zote. Mitego ndiyo itasema kama wamehama au bado wapo.

Mtoni! Ng'ambo tu ya shamba la kaka. Nimefurahi.

Jumapili, 23 Juni

Nimeshinda kwa kaka. Furaha tupu.

Jana Bwana Mifugo aliwasomea wafugaji hesabu ya chupa. Msituni mtego mmoja unakamata mbung'o mia tatu kwa wiki. Mtoni, mitego sitini, wiki mbili — mbung'o saba. Saba jumla! Amesema kufyeka kumesaidia, wadudu wamehama. Hafungui mto rasmi mpaka ahesabu tena mwezi ujao, ila mwenye kutaka kujaribu kwa hiari yake, ruksa. Kaka akainua mkono kabla mwenzake hajameza mate.

Wifi hakupenda. Ana kichwa kizito yule mke wa kaka, lakini leo namwelewa. Alisema: mto ule ulimfilisi baba mkwe wangu, na wewe unaufuata kwa miguu yako. Kaka akamjibu mbele yangu: mitego ameishona Sindano. Nisipouamini mkono wa ndugu yangu niuamini wa nani?

Nikavimba kichwa. Nilirudi nyumbani natembea kama nimevaa viatu vipya.

Ng'ombe wake kumi na mmoja. Wamekonda kwa malisho mabaya, lakini wazima. Bi Harusi, yule mweupe wa maziwa, ana mimba ya miezi sita. Kaka anamsugua mgongo kila jioni na anaongea naye. Wifi anasema yeye mwenyewe hajawahi kusemeshwa hivyo.

Jumanne, 25 Juni

Ng'ombe wa kaka wameingia mtoni jana. Kaka anasema majani yanafika magotini. Amenipigia simu nisikie wanavyotafuna!

Jumatatu, 15 Julai

Maksai wawili wa kaka hawali.

Nimekwenda kuwaona. Manyoya yamesimama. Machozi yanatiririka. Shingoni, chini ya sikio, tezi zimevimba kama mayai. Kaka akamfunua mmoja ukope wa chini — ndani ni peupe. Damu hakuna.

Wote wawili tulishaona macho ya namna ile, zizini kwa baba.

Jumatano, 17 Julai

Bwana Mifugo amechukua damu ya ng'ombe sita wa kaka, kaitazama kwenye hadubini. Watano wana nagana. Bi Harusi ni mmojawapo.

Sasa balaa lenyewe. Dawa yote hapa inapitia kwenye kikundi cha wafugaji, madukani haipo. Na kikundi kina sheria moja: anayeingiza ng'ombe msituni kwa siri hapati sindano. Walimwita kaka leo mchana. Mwenyekiti akamwambia, mtoni mbung'o hakuna, mitego imesema. Ng'ombe wako wameumwa wapi basi? Kaka akasema mtoni. Wakacheka. Akaapa kwa kaburi la baba. Mmoja akasema njia ya mwongo ni fupi.

Kaka! Mtu ambaye hata akipunguza umri wake mwaka mmoja anaumwa tumbo!

Wamemnyima dawa. Bwana Mifugo naye kasema labda ng'ombe walikuwa na ugonjwa tangu zamani umejificha, na labda si hivyo. Hakumtetea. Nilimtukana njia nzima ya kurudi, peke yangu, watu wananitazama.

Ijumaa, 19 Julai

Sijui niandikeje. Naandika kama ilivyokuwa.

Bwana Mifugo alikuja dukani mchana na mitego mitatu ya msituni iliyochanwa na miiba. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Mimi bado nimenuna kwa ajili ya kaka. Nikaanza kushona. Buluu imepauka, karibu kijivu. Nikasema, kwa kumchokoza tu: Daktari, nyie na elimu yenu yote mnanunua kitambaa cha kupauka. Mngechukua kile cha kung'aa, kisichopauka, mngestarehe.

Akatabasamu. Akasema wengine walishajaribu huko kwingine, wakaumia. Kwa macho yetu, akasema, ni buluu moja. Lakini mbung'o jicho lake si letu. Anaona mng'ao ambao sisi hatuuoni kabisa. Kitambaa cha kung'aa kwake si ng'ombe, ni kitu tu, anapita zake. Pamba hii hata ikipauka kidogo inamvuta. Akasema: ndiyo maana nilikuambia usichanganye.

Mguu wangu ukasimama juu ya mkanyagio.

Akaniuliza, fundi, vipi? Nikasema sindano imekatika. Nikainama chini ya meza kutafuta sindano ambayo haikukatika. Nilikaa huko chini muda mrefu. Mahali pale pale palipoozea jora.

Ee Mungu wangu. Chupa za mtoni haziko tupu kwa sababu mbung'o hawapo. Ziko tupu kwa sababu yangu.

Lakini labda siyo. Labda kwa kitambaa hiki haiko hivyo. Lazima nione.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeona.

Katika lile jora lililooza niliwahi kuokoa vipande vya ukingoni, vizima, kwa ajili ya viraka. Nimeshona mtego mmoja asubuhi. Mmoja tu, pamba yenyewe ya mradi. Nikautia kwenye kikapu pamoja na chupa ya mkojo wa ng'ombe wa siku tatu — ndiyo harufu mbung'o wanayoipenda — nikasema dukani naenda msibani. Sikudanganya sana.

Nimeusimamisha hatua ishirini kutoka kwenye mmoja wa ile sitini. Jua lile lile, upepo ule ule, mkojo ule ule. Nikakaa katikati, juu ya jiwe, nimejifunika kanga mpaka machoni.

Wanauma jamani! Wanatoboa kanga na gauni. Hawapigi kelele kama nzi. Anatua kimya, anakunja mabawa moja juu ya lingine kama makasi yaliyofungwa, halafu unasikia moto. Niliwaua sita juu ya mwili wangu.

Saa mbili nzima. Kisha nikahesabu. Mtego wa kitambaa changu cha kung'aa: mmoja. Mtego wa pamba: arobaini na watatu.

Nikahesabu tena. Arobaini na watatu.

Ng'ombe wa kaka walikuwa wanakunywa maji chini kidogo, maana kwingine kumekauka, wale walioweza kutembea. Niliwaona wanavyopiga mikia na kukanyaga-kanyaga. Nilidhani ningepiga kelele. Nilichofanya ni kuung'oa ule mtego wangu wa pamba, kuurudisha kikapuni, na kuondoka kwa njia ya nyuma ili kaka asinione.

Kwa nini niliung'oa? Ningeuacha, ungekamata japo arobaini kila saa mbili. Niliuficha kama mwizi anavyoficha kisu.

Jumapili, 21 Julai

Nilikwenda kwa kaka kumwambia. Njia nzima nayapanga maneno. Kaka, nina jambo. Kaka, keti kwanza.

Hakuwepo. Alikuwa kwa mwenyekiti, kuomba tena. Wifi alikuwa anachuja maziwa, kikombe kimoja na nusu, ng'ombe wote. Amekonda na yeye. Akanivuta jikoni, akasema kwa sauti ya chini: wifi, wewe ndiye unayemjua tangu utotoni. Niambie kweli. Hakuwapeleka msituni?

Nikasema kaka hasemi uongo.

Akasema: basi mitego ndiyo inasema uongo?

Hapo, hapo hapo, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu lilitakiwa. Nikasema, Mungu anajua. Mungu! Ndiye nimemsukumia.

Kaka akarudi. Wamemkatalia. Aliponiona akachangamka, akasema Sindano, umekuja kutupa moyo. Nikashindwa. Nikaosha vyombo vyao vyote, hata visafi.

Jumatano, 24 Julai

Maksai mmoja amekufa asubuhi. Wa pili saa sita mchana, akiwa amesimama kabisa, kisha magoti, kisha ubavu. Bi Harusi ametupa mimba. Ndama dume, hana manyoya.

Kaka amemchuna maksai peke yake, jirani hata mmoja hakuja. Zamani wangejaa uani. Sasa wanapita barabarani wanatazama mbele. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika: msitu umelipa.

Nilimshikia kaka mguu wa maksai akichuna. Akasema, unajua kinachoniuma? Si ng'ombe. Ni kwamba jana usiku mke wangu alinigeuzia mgongo. Naye ananiona mwongo.

Nilishika ule mguu.

Niandike wazi maana hapa hakuna wa kunisikia: ninaogopa. Siogopi mafundi wale wanne tena, hao wacheke mpaka wapasuke. Namwogopa kaka. Naogopa uso wake utakavyokuwa. Kila siku ninayokaa kimya uso ule unazidi kuwa mbaya, na kwa sababu umezidi kuwa mbaya nakaa kimya siku nyingine. Mpumbavu mimi!

Ijumaa, 26 Julai

Nimemwambia Bwana Mifugo.

Niliona yeye ni rahisi kuliko kaka. Nilikwenda ofisini kwake, kile chumba kimoja chenye friji ya chanjo na kalenda ya mwaka juzi. Nikamwekea vipande viwili mezani. Nikasema vyote: jora, ukungu, kitambaa cha kona, nilivyokwenda mtoni, mmoja na arobaini na watatu. Hakunikatiza. Alivishika vile vipande, akavipeleka dirishani kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi siku ile. Akasema mwenyewe, taratibu: kwa macho huwezi kujua.

Nilidhani atanifokea. Nilitaka anifokee. Akakaa, akajishika kichwa. Kumbe ripoti imeshakwenda juu. Ameandika mto umesafika, wakubwa wamempongeza, wanataka kuja na wageni. Akasema: fundi, tufanye hivi. Jora jipya ninaagiza leo, wiki tatu litafika. Tunabadilisha mtego mmoja mmoja, kimya kimya. Hesabu itapanda polepole, nitasema mbung'o wamerudi. Hakuna atakayeaibika, si wewe wala mimi.

Nikamuuliza, na kaka? Akasema atazungumza na mwenyekiti kuhusu dawa. Lini? Wiki ijayo. Nikamuuliza, na mkutano wa kufungua mto? Akasema atauahirisha, nisijali.

Nisijali! Nikatoka. Na — niandike na hili — nilipofika barabarani niliona mwili mwepesi. Nilifurahi. Nilinunua hata ndizi mbili nikazila natembea.

Jumamosi, 27 Julai

Bi Harusi amekufa.

Nilikuwa dukani, wifi akanipigia. Nyuma yake nilimsikia kaka analia. Sijawahi kumsikia kaka analia, hata baba alipokufa.

Jumapili, 28 Julai

Mjumbe wa kikundi amepita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti. Kesho saa nane mchana, uwanja wa josho la ng'ombe, wafugaji wote. Mto unafunguliwa. Hesabu ya pili imetoka: mitego sitini, mbung'o watano. Jumanne asubuhi kila mtu ruksa kupeleka ng'ombe.

Hakuuahirisha. Nimempigia simu mara saba. Ya nane akanijibu kwa maandishi: mambo yamenishinda, wageni wanakuja Alhamisi, vumilia fundi.

Kuna ng'ombe zaidi ya mia nne upande huu. Wote wameshinda njaa miezi miwili. Ukiwaonyesha yale majani hutawatoa tena kwa fimbo.

Ajenda ya pili ya mkutano ni kumfukuza kaka kwenye kikundi.

Kesho alfajiri naenda kwake. Naandika hapa ili iwe nimeshasema mara moja: naenda, na ninamwambia.

Jumatatu, 29 Julai

Nimemwambia. Niko nyumbani kwake, chumba cha mbele, saa saba sasa. Mkutano saa nane.

Nilimkuta zizini. Wamebaki wanane, na watatu kati yao hawasimami. Sikumwambia keti. Nilisema tu: kaka, hukudanganya, mitego ndiyo iliyodanganya, na ni mimi. Halafu nikaeleza. Nilimwonyesha vipande viwili, akavisugua kwa vidole. Wifi alisimama na ndoo mkononi, maji yakawa yanamwagika kidogo kidogo, hakuyaona. Nilipomaliza, wifi akaiweka ndoo chini, akamwendea mumewe, akamshika mkono. Hakuniangalia.

Nikamtazama kaka. Nilikuwa tayari kwa lolote. Anipige, anifukuze, aseme ndivyo unavyonilipa fahali wangu.

Akauliza neno moja. Ulijua lini?

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali, hilo sikujiandaa nalo. Nikasema: jana.

Limetoka lenyewe. Jana.

Akashusha pumzi, uso wake ukalegea. Na uso ule ndio niliokuwa nauogopa siku zote hizi! Akanishika kichwa kwa mikono miwili, inanuka ng'ombe, akasema basi, Sindano. Basi, usilie. Ungejua hata wiki moja nyuma, Bi Harusi tungemuwahi. Lakini hukujua. Mtu hahukumiwi kwa asilolijua. Umejua jana, leo umekuja, na wewe ndiye mtu wa pekee mwaka huu aliyenitendea haki.

Nikalia mpaka nikakosa pumzi. Akadhani ni majuto ya kitambaa.

Sasa tunakwenda mkutanoni, mimi na yeye. Amesema atasimama ubavuni kwangu, na atakayenitukana atamtukana yeye kwanza. Nimeubeba ule mtego wa pamba na mmoja wa ile ya mtoni. Mto hautafunguliwa, hilo nitalisema hata wakinipiga mawe. Hilo nina uhakika nalo.

Lakini Bwana Mifugo atakuwepo. Nikisema mbele ya watu kwamba nimejua jana, yeye atajitetea. Atasema: mwanamke huyu alikuja kwangu Ijumaa. Na Ijumaa ile Bi Harusi alikuwa bado anapumua. Na mtu atauliza, alijuaje Ijumaa? Na itabidi niseme nilipima Jumamosi ya kabla yake. Maksai walikuwa hai wote wawili. Ndama alikuwa tumboni.

Siku tisa. Nimezihesabu hapa kwenye daftari, kila siku na maneno yake.

Ninazo dakika chache za kumwambia kabla hajaambiwa na watu. Nasikia maji, anaoga. Sasa ametoka. Yuko uani, anafanya mazoezi ya maneno yake, ananong'ona lakini sauti yake haijui kunong'ona. Anasema: ndugu zangu, dada yangu alijua jana, na leo amesimama mbele yenu. Nani kati yenu angefanya hivyo? Anasimama. Anarudia tena, sasa kwa nguvu zaidi. Nani kati yenu?

Wifi anamwambia inatosha, atachelewa.

Amevaa shati jeupe nililomshonea. Ananiita nikamfunge kifungo cha kola, vidole vyake vimevimba. Nimeitika nakuja.